Mbwa Aliyefundishwa Kulala Njuga Ikilia

Baba mkubwa Hironimus alikuwa mwindaji wa nguruwe pori kule Mletele. Mbwa wake alimwita Watasema, jina alilolitoa kwa ajili ya majirani, na majirani walilijua hilo vizuri. Kila walipoingia porini mbwa huyo alifungwa njuga shingoni, ili bwana wake ajue alipo vichakani. Njuga ikilia, Watasema hakumwogopa mnyama yeyote. Nyumbani, akishavuliwa, alilala mlangoni kwa mama mkubwa Emerensiana, na kuku walimparamia mgongoni asijali.

Mama mkubwa hakuweza kutembea. Kiharusi kilimwangusha bado ana nguvu zake, kikaua upande mzima, akalazwa hospitali muda mrefu. Akiwa huko kitandani, binti yao wa pekee, Noela, alishikwa na homa kali nyumbani. Baba mkubwa alikuwa porini anafuata nguruwe. Watu walimsaka wakitega masikio wasikie njuga, na walipompata wakarudi naye mbio, mtoto alikuwa ameshakata roho. Alizikwa kwenye makaburi ya ukoo, ng'ambo ya kijito, mahali pa kupandia kilima kwa njia nyembamba ya miguu. Mama yake hakumzika. Hata kaburi hakuliona.

Aliporudi kutoka hospitali watu waliendelea kumwita Mama Noela, na mumewe Baba Noela, kama desturi ilivyo. Wao wenyewe nao waliitana hivyo, asubuhi hadi jioni. Sijui waliwezaje. Mimi ningeziba masikio.

Alitaka jambo moja tu: kufika pale kaburini. Vijana wa jumuiya walijitolea kumbeba kwa machela, akakataa katakata.

"Machela mtanibebea siku yangu ikifika," aliwaambia. "Kwa mwanangu nataka kwenda nimekaa. Na nikitaka kurudi tena kesho, nirudi bila kumwomba mtu."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Lori la ushirika lilikuwa limeacha kuja kuchukua mahindi, na badala yake wakaja wafanyabiashara na magari yao, wananunua hiki, wanauza kile. Mmoja wao, mtu wa Makambako, alishusha punda. Wengi wetu punda tulimjua kwenye picha tu, ile ya Yesu akiingia Yerusalemu. Baba mkubwa akatoa karibu mahindi yote ya msimu ule, akamchukua punda jike mpole. Kilabuni kwenye komoni walicheka mpaka wakamwaga pombe. Waache wacheke, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na wazo bora.

Punda yule alipenda kutangatanga. Baada ya kumtafuta msituni kutwa nzima, baba mkubwa akafanya ambalo mwindaji yeyote angelifanya: akaitungua njuga ukutani, akamfunga punda shingoni. Kulipokucha akampandisha gunia la pumba mgongoni ili amzoeze mzigo. Punda akapiga hatua, njuga ikalia. Watasema akachomoka mlangoni, hakubweka hata mara moja, akamvamia miguu ya nyuma. Punda akarusha mateke, akakimbia, gunia likaanguka na kupasuka, pumba zikatapakaa uwanja mzima.

Mama mkubwa aliyaona yote akiwa mkekani. Pale palipokuwa na gunia ndipo alipotakiwa kukaa yeye.

Baba yangu, Pankrasi, alikuja jioni ile ile.

"Kaka, huyo mbwa muue," alisema. "Amechanjiwa dawa ya mawindo. Hafundishiki tena."

Baba mkubwa hakumuua. Alimfunga kamba, akamchapa kila alipomrukia punda, na mbwa akazidi kuwa mkali. Nilikuwa nimeshaolewa jirani pale, kwa hiyo kelele zote nilizisikia, na nilimkasirikia mzee kwa fimbo zile.

Mama mkubwa ndiye aliyeona. "Baba Noela," alisema, "huyo mbwa hana ugomvi na punda. Jana kamba ya njuga ilikatika, punda akapita mbele yake, hata sikio hakuinua. Anachokisikia ni njuga."

Baba mkubwa akajaribu kumfunga punda kopo lenye misumari. Mbwa akalirukia vilevile. Kwake chochote kilicholia shingoni kilikuwa mawindo. Na bila kitu cha kulia, punda angepotea.

"Basi itabidi asahau njuga," alisema mama mkubwa.

Wote wawili walijua maana yake. Mbwa akisahau njuga hawindi tena, na mzee yule pale kijijini hakuwa na jina jingine ila mwindaji. Aliitazama njuga mkononi.

"Asahau," akasema.

Akaanza upya. Aliitikisa njuga kidogo tu, mkononi, akiwa mbali, na Watasema akilala chini alipewa tonge la ugali lenye mchuzi wa dagaa. Akiinuka, hapati. Fimbo ilitupwa. Wiki zikapita kabla njuga haijarudi shingoni mwa punda, na hapo punda alisimamishwa mbali, kwenye migomba. Alisogezwa taratibu, mpaka akapita mlangoni na mbwa amelala kidevu chini, macho kwa bwana wake.

Mvua zilipokolea, nguruwe waliingia mashambani, watu wakamwita kama kawaida. Akaenda na mkuki wake. Akamfunga Watasema njuga. Mbwa akalala chini katikati ya mahindi, akingoja tonge. Walimcheka baba mkubwa mbele ya macho yake, na toka siku ile hawakumwita tena. Iliniuma. Yeye alirudi nyumbani akaendelea kushona tandiko la magunia.

Tulikwenda baada ya mavuno, njia ilipokauka. Nilishika kamba ya punda, baba mkubwa akatembea ubavuni akimshika kiunoni mkewe aliyekaa juu ya tandiko, Watasema akafuata nyuma. Njuga ililia njia nzima, kwenye kijito, kwenye kilima, na mbwa hakutoka mahali pake.

Kaburini tulimshusha. Akaanza kung'oa majani kwa mkono wake mzima. Baba mkubwa alipoinama kumsaidia, akamzuia.

"Baba Noela."

"Naam."

"Siku ile, alituita?"

Mzee aliuma midomo. "Wanasema aliita. Alikuita wewe kwanza. Halafu mimi."

"Na hakuna aliyemwitikia."

"Hakuna."

Mama mkubwa alifuta udongo mkononi kwa khanga yake. "Nimekuwa na hasira na wewe, na mimi mwenyewe, na kile kitanda cha hospitali," alisema. "Nimechoka nayo. Mwitikie sasa."

Baba mkubwa akapiga magoti kwenye majani.

"Naam, mwanangu," akasema. "Nipo."

Nilikuwa nalia, sikujificha. Mama mkubwa akaweka kiganja juu ya udongo.

"Abee, mama," akaitika naye. "Nimekuja."