Ukingo Nilioupanda Bila Kuushindilia

Siku ile naikumbuka kwa mgongo, mwanangu, maana kichwa siku hizi kinasahau. Ilikuwa enzi za mkoloni. Nilikuwa nimetoka Migwani kuolewa Makueni, na mama mkwe akanipa kipande changu mteremkoni, juu tu ya shamba lake. Akaniambia nichimbe mtaro, udongo niurushe upande wa juu uwe tuta, nilishindilie kwa miguu, ndipo nipande nyasi ukingoni ili mizizi ishike.

Kurusha udongo juu ni kazi ya punda. Na wanawake wa mwethya, tuliolimiana kwa zamu, walikuwa waje kesho yake. Nikataka wakute nimemaliza peke yangu. Nikaurusha chini, unakoteremka wenyewe. Sikukanyaga. Nikachomeka nyasi, zikapendeza.

Walipofika mmoja akasema, "Kumbe Migwani wanazaa trekta ya mzungu!" Tukacheka. Mama mkwe akaniuliza kando kama nimeshindilia. Nikamwambia ndiyo.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika halikuwa langu. Mbegu zote za mama mkwe, mahindi na kunde alizozihifadhi kwa majivu mwaka mzima wa njaa, zilikuwa zimeshapandwa shambani kwake, chini ya ukingo wangu. Mvua ya kwanza iliuvunja, maji yakazizoa mpaka korongoni.

Nilimkuta amechuchumaa, anapapasa matope. Alikuwa amepata konzi moja ya mbegu. Hakuinua sauti.

"Udongo kuurusha vibaya si kitu, hata mimi niliwahi. Lakini nilikuuliza. Ungeniambia hapana, tungelikanyaga sisi wote asubuhi moja, na wale wanawake walikuwa hapa hapa. Hiyo 'ndiyo' yako ndiyo iliyobeba mbegu zangu. Haya, chukua jembe."

Tukachimba upya, yeye na kikohozi chake. Msimu ule tulikula mboga za porini, na chake kidogo alinimegea. Hilo ndilo lililonichoma kuliko matusi.

Nimechoka kurudia maneno, kwa hivyo sikia mara moja. Tayarisha udongo kabla hujatafuta sifa, sifa haioti. Ukikosea, sema kabla mvua haijanyesha, wakati bado kuna watu wa kukusaidia kukanyaga. Aibu ya asubuhi moja haijawahi kuua mtu. Njaa nimeona ikiua.

Nenda ukalime, mwanangu. Mungu akupe mvua ya kiasi, na mama mkwe ambaye akishakuuliza mara moja, atakuuliza tena, upate nafasi ya kusema kweli.