Shamba Langu Lilivyonipita Kwenda Kipini

Nilikuwa juu ya paa la jikoni, nimekumbatia kuku wawili, nilipoliona shamba langu likinipita. Usicheke. Tuta la mradi, lile la kuzuia mto, lilikuwa linayeyuka kama sukari kwenye chai, na ile rangi iliyochafua maji ilikuwa udongo wangu. Ukaenda zake Kipini, baharini, hata kuaga haukuaga.

Zilikuwa mvua za El Nino, mwaka wa tisini na saba. Lakini mvua siilaumu. Na mto tunajuana. Ukifurika taratibu hukuachia matope mapya, mepesi kama utando wa maziwa, furiko juu ya furiko, mpaka yanakuwa shamba. Mama mkwe wangu alikuwa akiukata ukingo kwa jembe, ananionyesha matabaka.

"Hili la mwaka nilioolewa. Hili la mwaka wa njaa, ona lilivyokonda."

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hayo niliyashika. Kabla ya kupanda, alifinyanga donge la udongo mbichi akalitumbukiza ndooni. Likiyeyuka, hapo ni pa migomba na mahindi. Likikaa, panda mpunga. Udongo wetu wa ukingoni huyeyuka. Ule mweusi wa bondeni unaukuta kesho yake umekaa vilevile.

Kiangazi cha kabla ya mafuriko wakaja kujenga tuta la kuuzuia mto: mhandisi wa mradi, na mwenyekiti wetu wa kamati ya tuta, mtu wa kijiji hiki hiki, ndizi zangu amekula. Bondeni udongo mweusi ulikuwa umekauka kama saruji, tingatinga likakohoa likazima. Mwenyekiti akasema mateso ya nini, akawaonyesha shamba langu, laini, karibu na njia. Wakalichuna mpaka kwenye mchanga, udongo wote wakaupandisha tutani.

Mama mkwe akaja na ndoo yake. Akatumbukiza donge mbele yao. Likaisha kabla hajafuta mkono.

"Baba, hiki ndicho mnachozuilia mto?"

Mhandisi akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Bibi, udongo ni udongo. Sisi hatupiki uji hapa."

"Uji mmeshaukoroga. Nani ataunywa?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Shemeji, mtoe mama juani. Huyu bwana amesoma."

Nikamtoa. Hilo kosa ni langu, nimelibeba.

Mafuriko yalipokwisha, pale pa migomba palibaki mchanga mweupe, mzuri wa kuchezea watoto. Watu hunifariji eti mto utarudisha. Utarudisha, ndiyo, utando mmoja kwa furiko moja! Mama mkwe alikufa akingoja, na mimi mvi hizi zimeanza.

Mhandisi alihamishwa. Mwenyekiti tunapishana soko la Garsen, ananiuliza, "Shemeji, hali?"

Hali nzuri, mwenyekiti. Ndoo bado ninayo. Mlete mhandisi wako barazani, tutumbukize donge watu wote wakiona, halafu mseme kwa vinywa vyenu: nani aliamua pachimbwe pale, na udongo wangu ananirudishia lini?