Nyota Mbili za Pangaboi la Maduhu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, mpaka leo, mzee mzima mimi. Umeniletea pangaboi lako kuukuu ulilonunua mnadani, ukanionyesha kibati cha katikati ukasema, "Bibi, si jina limeandikwa hapa? Aliyelitengeneza tunamjua." Vuta kigoda ukae. Na usinikatize, maana wewe una kiherehere.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, halafu ghafla bidhaa za nje zikaanza kumiminika mpaka hapa Bariadi: redio, mitumba, feni mpya nyepesi za kila rangi. Watu wakawa wanang'oa mapangaboi yao mazito ya chuma na kuyauza. Wakati huohuo jineri yetu, kile kiwanda cha kuchambua pamba, ikawa imesimama inasubiri mnunuzi. Nyumba za mameneja zilikuwa tupu, na asubuhi moja zikakutwa hazina pangaboi hata moja. Lilibaki lile la stoo tu.

Kaka yangu mkubwa, Maduhu, alikuwa dereva wa trekta, kijana mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa amejenga nyumba ya bati pembeni ya mji wetu, anajiandaa kumwoa Kabula wa kule Migato. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshakubaliwa. Sasa katika kuipamba nyumba akanunua pangaboi la zamani kwenye gesti moja huko Lamadi, akalipaka rangi nyeupe mwenyewe, akalitundika sebuleni. Tulikuwa tunakwenda kulitazama tu likizunguka, tumelala chali kwenye mkeka, tunachekelea ubaridi.

Lile pangaboi katikati lilikuwa na kibati cha duara chenye nyota mbili. Na mapangaboi ya jineri nayo yote yalikuwa na nyota mbili. Jirani akachungulia dirishani, akaziona. Kufika mchana habari kwamba Maduhu ndiye aliyeiba mapangaboi ya jineri ilikuwa imeshazunguka mji mzima.

Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe na mtu wa jina. Alimkuta Maduhu anataka kuanza kula, mimi nimeshika jagi namnawisha mikono. Hakusalimia hata.

"Hili umelipata wapi?"

"Nimelinunua Lamadi, baba. Kwa mwenye gesti."

"Nyota hizi zimetoka Lamadi? Mimi nimeingia nyumba za mameneja tangu hujazaliwa. Nyota hizi nazijua!"

"Basi twende Lamadi, baba, ukamwulize mwenyewe."

"Nikaitembeze aibu yangu mpaka Lamadi?"

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Baba akawageukia wao, si Maduhu, akasema kwa sauti, "Kuanzia leo mimi sina mtoto anayeitwa Maduhu. Mashahidi ni ninyi."

Yooo, mwanangu! Mama alipiga yowe, "Mayo wee!", akakaa chini palepale. Mimi jagi lilinitoka, maji yakamwagika kwenye ugali. Sikuamini masikio yangu. Maduhu alimwangalia baba, akangoja. Nilimwona kabisa anangoja yale maneno yarudishwe. Hayakurudi. Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua koti lake, akapita katikati ya watu, akaenda zake. Jioni ileile baba akatuma mjumbe Migato kuwaambia wakwe kwamba ndoa haipo.

Kesho yake akaja Mzee Jilala, mwenyekiti wa sungusungu wetu, walinzi wa jadi. Alikuwa mzee mfupi, mkali, na hasira yake ilikuwa ya sauti ya chini. Akakaa, akalitazama pangaboi pale juu, akauliza, "Mmelifungua?"

Baba akanyoosha kidole kwenye kibati.

"Nauliza, mmelifungua?"

"Tumeziona nyota," baba akajibu.

"Wewe mfugaji wewe! Ng'ombe akipotea, unamtambua kwa kamba aliyofungwa shingoni?"

"Kwa sikio. Kwa alama tuliyomkata."

"Kamba mtu yeyote anaifungua, anaifunga kwa mwingine. Basi na hicho kibati ni kamba. Sikio la pangaboi liko wapi? Umemfukuza mtoto bila kutazama sikio?"

Pangaboi likashushwa, na lile la stoo la jineri likaletwa, yakalazwa mkekani sambamba. Fundi wa umeme akabandua vibati vyote viwili kwa bisibisi. Cha jineri kilikuwa kimekazwa kwa skrubu zake. Cha Maduhu kilikuwa kimebandikwa kwa gundi. Fundi akasema mambo hayo ni ya kawaida: feni ikiungua, mafundi wanatoa kibati wanakibandika kwenye nyingine, maana wanunuzi wanaulizia nyota. Jina la mtengenezaji, akasema, limetoka kiwandani pamoja na chuma, juu kwenye bega la mota, pale panapofunikwa na kikombe cha chini cha bomba la kutundikia. Hapo hakuna wa kubandua.

Baba akaomba kisu. Akakwangua rangi kwenye bega la pangaboi la jineri, jina likatokea limetuna kwenye chuma. Akakwangua la Maduhu. Likatokea jina jingine kabisa, refu, la watengenezaji wa nchi nyingine. Tukatazama mikono inayoshika mapanga: hata hiyo ilikuwa tofauti, na mashimo ya boliti hayakufanana. Mtoto mdogo angeona.

Baba akaendelea kukwangua. Jina limeshaonekana lote, yeye anakwangua tu, mpaka Mzee Jilala akamshika mkono. Uso wa baba, mwanangu! Sijawahi kuona uso wa namna ile kwa mtu aliye hai.

Siku kadhaa zikapita tunaulizia, mpaka dereva wa lori akatuambia amemwona Maduhu Lamadi, anapakia samaki. Baba akaondoka alfajiri, nikamsindikiza. Tulielekezwa kibanda kimoja karibu na barabara kuu. Na nje ya kile kibanda, anakaanga samaki, tukamkuta Kabula.

Kabula mwenyewe, wa Migato, ambaye tulijua yuko kwa baba yake! Alipotuona aliepua karai, akapiga magoti mbele ya baba kama mkwe anavyofanya, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

Baba akauliza, "Binti, umekuja lini hapa?"

"Mjumbe wako alipofika kwetu, asubuhi yake nikaondoka kumfuata, maana nilijua angekuja huku kwa mwenye gesti."

"Lakini asubuhi hiyo pangaboi lilikuwa bado juu. Hakuna aliyekuwa amelifungua." Akasogea karibu. "Nani alikuambia kwamba si mwizi?"

Kabula akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Hakuna aliyeniambia, baba. Kwani mimi nilikuwa simjui Maduhu?"

Baba akavua kofia, akajifunika nayo uso. Maduhu alipokuja alimpa kiti, akampa maji, akamsamehe, na mahari ilikwenda Migato baadaye. Lakini baba alipomwomba arudi nyumbani, alisema, "Kukusalimu nitakuja, baba. Kuishi, nitaishi hapahapa." Na huko ameishi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kumjua mtengenezaji wa pangaboi, toa kikombe, kwangua rangi, soma chuma, usidanganyike na kibati. Hilo ni la ufundi. Lakini mtu wako uliyekula naye, uliyemlea au aliyekulea, usingoje bisibisi ndipo umwamini. Neno likisemwa mbele ya watu, hata ukweli ukija asubuhi yake utakuta mtu ameshaondoka. Ukisikia baya juu yake, nenda naye huko anakosema twende, hata kama ni mbali, hata kama unaona aibu.

Mungu akupe macho ya subira, mwanangu, na ulimi mzito siku ya hasira. Na siku watu wakijaa mlangoni kwako kukusema, akupe mmoja wa kuinuka asubuhi na kukufuata bila kuuliza.