Kioo cha Saluni Kilichopelekwa Chiwanda

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu themanini na mbili: kioo arobaini na tano, bodaboda thelathini na mbili, na tano za godoro bovu la kukifungia. Nimehesabu mara mbili. Kioo kilikuwa cha dada yangu, aliyekuwa anafungua saluni Chiwanda, kule ziwani, Jumamosi ile. Wateja wa kusuka walishaitwa.

Watu wengi wakitoka huku kwetu Mbinga, milimani, hubadilisha bodaboda wakifika ziwani, na wana sababu. Madereva wa Mbinga ni watu wa miteremko: wakianza kushuka wanazima injini kuokoa mafuta, pikipiki inateleza kimya, breki tu ndiyo inalia. Abiria anakaa kama gunia la kahawa, hatikisiki. Wa ziwani wanapita mchangani, miguu wameitanua, wanavuta mafuta bila kuachia, na abiria hushuka mwenyewe bila kuambiwa, akatembea mpaka njia ikaze.

Mimi nikaona kubadilisha ni kulipa mara mbili. Nikambana dereva wa Mbinga mpaka akakubali bei moja, hadi mlangoni kwa dada.

Lami ilipoisha, dereva mmoja wa kule ziwani akatusimamisha.

"Shikamoo mzee. Shuka utembee, huyu mwenzetu mchanga haujui."

"Marahaba. Nimelipia mpaka mlangoni."

"Umemlipa yeye. Mchanga umeulipa lini?"

Wenzake wakacheka. Nikabaki juu, kioo nimekikumbatia. Dereva wangu, kwa uangalifu wote wa milimani, akapunguza mwendo. Kumbe mchangani kupunguza ndiko kuanguka. Tulilala ubavu taratibu kabisa, kama watu waliochoka. Tukainuka wazima wote wawili, ila taa ya mbele ilikuwa imepasuka, na ndani ya godoro mlisikika kama sahani zinaoshwa.

Dada alifungua godoro, akatazama vipande. "Afadhali kaka, kila mteja atapata chake." Jumamosi akafungua hivyo hivyo, wateja walijitazama kwenye simu. Wawili waliondoka kabla ya kusukwa.

Sasa dereva anataka nimlipe taa, maana sikushuka. Mimi namdai nusu ya kioo, maana alipunguza. Kwao Mbinga abiria akishuka njiani amemdharau dereva. Ziwani asiposhuka, kosa ni lake. Na dada anataka kioo kingine kabla wateja hawajazoea saluni ya jirani. Ninyi mliopanda pikipiki pande zote mbili, nishaurini: nianze kudai, au nianze kulipa?