Kipande cha Kumshughulisha Mlinzi

Miaka ile nchi ilipokuwa ikivuja kila upande, hospitali yetu ya Likasi ilipokea kutoka Ulaya kichupa kidogo kuliko jino la mtoto. Mtafiti mmoja aliagiza vitu viwili, kisha akakimbia mji kabla havijafika. Cha kwanza, kingamwili, kilipotelea njiani. Cha pili, peptidi ya kuzuia, kilifika salama, maana hakuna mwizi aliyejua kinavyoliwa. Tukakiweka kwenye friji, ambayo ilikuwa kabati tu: umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja kama mgeni mwenye haya, unachungulia mlangoni na kuondoka.

Mimi, niliyesoma kemia shule ya jioni kwa mshumaa mpaka nyusi zikaungua, nilikabidhiwa kichupa. Karatasi yake ilitaja "damu" na "kuzuia". Kabla sijamaliza kuisoma, habari ilikwishafika kwa wachimbaji wa Shinkolobwe: Likasi kuna dawa ya kuzuia damu.

Ndipo mjomba, mlinzi wa lango la kiwanda cha kobalti, akaniletea mkewe. Aling'olewa jino asubuhi, na mchana damu bado inatoka. Midomo imekuwa myeupe. Nilimpa kitambaa safi kilichokunjwa.

"Uma kwa nguvu, tantine. Usifungue kinywa."

Kwa mwanamke asiyejua kunyamaza, adhabu hiyo ilimuuma kuliko jino. Lakini mjomba tayari alikuwa akikivuta kitambaa.

"Toa hii. Leta ile dawa ya kubloke damu, tumwangie mu tundu."

"Haiko dawa, tonton."

"Kama haiko dawa, juu ya nini iko mu frigo?"

Nikamweleza: katika damu mna protini inayozuia damu isigande, kingamwili ni ya kuikamata protini hiyo, na kichupa ni cha kuizuia kingamwili isikamate. Alinitazama kama mtu aliyepewa hotuba ya waziri. Mkono haukutoka kwenye kitambaa.

"Tonton, sikia. Weye unalinda mulango ya kiwanda. Muntu iko na mufuko ya kobalti, anataka kupita. Anakupa kwanza kipande kidogo ya kobalti ile ile. Unaishika, unaigeuza, unaipima mu mukono. Mufuko inapita. Kile kipande njo iko mu chupa. Kazi yake kushugulisha mulinzi. Tundu ya jino haiijue."

Mjomba aliachia kitambaa. Akatazama mlango.

"Nani alikuambia?"

"Ni syansi, tonton."

"Syansi ya muntu gani?"

Hakukitaja kichupa tena. Tantine akauma kitambaa kwa meno yote yaliyobaki, macho hayamtoki mumewe. Nadhani damu yenyewe iliogopa ikaganda. Nilipomtoa kitambaa, tundu lilikuwa limefunga, jeusi, zuri.

Tantine akapitisha ulimi, akameza mate, akamgeukia mumewe.

"Bile bipande biko wapi?"

Mjomba akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwana, murudishie kitambaa."