Nilivyoing'arisha Bunduki ya Mkwe Wangu

Mimi sufuria haijawahi kulala nyeusi mikononi mwangu. Basi nilipokuwa Pearland, huko Marekani, kwa binti yangu Rehema, nikaikuta bunduki ya mkwe wangu mezani, kutu tupu, na mgeni yuko njiani. Nikaona aibu.

Mkwe wangu hukusanya bunduki kuukuu za Kimarekani. Hiyo hata hailii tena, lakini aliringa nayo kuliko mke. Mgeni alikuwa anakuja kuthibitisha kama kweli ni miongoni mwa zile za kwanza kabisa kutengenezwa. Mkwe alipokwenda kumpokea, nikachukua msasa na majivu ya jiko la nyama, nikasugua mpaka nikajiona uso. Pembeni palikuwa na mikwaruzo, nayo nikaimaliza.

Mgeni, Mzungu mwenye kofia pana, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama," Rehema akanitafsiria, "anauliza namba saba iliyochongwa pembeni imekwenda wapi. Thamani yote ilikuwa kwenye hiyo namba."

"Namba gani? Palikuwa na mikwaruzo tu, nimeitoa yote mimi mwenyewe!" nikajibu, kifua mbele.

Mkwe wangu, ambaye kwa adabu zetu hawezi kunikaripia, akamgeukia mkewe:

"Mwambie mama yako, ahsante."