Ua Lililompita Mume Wangu Urefu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake katika mji wa College Park, Amerika. Siku moja alinipa mbegu kumi na mbili, bapa, za kahawia. Akasema ni za ua la manjano la mbuga za kwao, na kwamba humpita mtu kimo.

"Lakini kwanza zikae kwenye friji miezi miwili, ndani ya mchanga wenye unyevu. Lazima zidhani ni majira ya baridi."

Nilidhani ananitania, ila nilizitia kwenye kopo tupu la siagi, nikaliweka nyuma ya maziwa. Jumapili kabla ya kanisa mume wangu akalifungua, mkate mkononi.

"Mama watoto, siagi imekuwa mchanga!"

"Ni mbegu. Zimelala."

Akarudisha kifuniko polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe.

Aprili nikazipanda nyuma ya nyumba tuliyopanga Greenbelt, mji wa jirani. Zikaota tatu. Mwaka huo hazikutoa ua hata moja, majani tu, mapana, yenye kukwaruza. Agosti mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kakamega. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanukia vitunguu.

"Nimewapikia mboga zenu za nje," akasema kwa furaha. "Mnaziacha tu zinazeeka!"

Nilikimbia nje. Vilibaki vikonyo.

Tukaketi mezani. Mume wangu alitafuna tonge la kwanza mpaka masikio yakamcheza. Binti yetu wa miaka saba akalalamika, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ulimi wake umepigwa msasa. Mama mkwe mwenyewe akatafuna, akanywa maji.

"Mboga za Amerika zina kiburi," akasema, kisha akamwongezea mwanawe. Mwanawe akala yote, maana mama alikuwa akimtazama.

Kesho yake nilimweleza bibi huku nikiogopa. Alicheka hadi nikamshikilia asianguke kitini. "Mizizi iko chini," akasema. "Majani yatarudi."

Yakarudi kweli. Kiangazi cha tatu mashina yalipanda kwa fujo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mume wangu alisimama kando yake, mgongo wima, kama mtoto anayepimwa. "Bado niko juu," alitangaza. Wiki iliyofuata alisimama kwa vidole. Halafu akaanza kupimwa akiwa na viatu vya kanisani. Mwishowe akasema mahali pale ardhi imeinuka.

Maua yalipofunguka, nilimleta bibi na kiti chake cha magurudumu. Mume wangu alivaa tai, akajipanga mbele ya ua tupigwe picha.

"Sogea kidogo, bwana," bibi akamwambia. "Unanizibia."

Akasogea. Picha hiyo ninayo hadi leo: bibi anacheka, ua limejaa juu yake, na pembeni kiwiko kimoja cha mume wangu.